Baa iliyong'olewa mara mbili: kisa cha Old Wellington ya Manchester

Jumamosi ya tarehe 15 Juni 1996, saa 5:17 asubuhi, lori lililokuwa limeegeshwa Corporation Street, katikati ya jiji la Manchester, lililipuka. Ndani yake mlikuwa na kilo zipatazo 1,500 za baruti zilizotegwa na IRA, kundi la silaha lililopigania Ireland Kaskazini itoke chini ya Uingereza. Onyo lilitolewa kwa simu, polisi wakawahi kuwaondoa watu wapatao 75,000, na ndiyo maana hakufa hata mmoja, ingawa waliojeruhiwa walizidi 200. Majengo kadhaa ya zege na vioo yaliharibika kiasi cha kuvunjwa. Nyuma yao kidogo palikuwa na nyumba ya miti ya mwaka 1552. Iliumia, lakini haikuanguka.

Miaka miwili baadaye nyumba hiyo ilifumuliwa kipande kwa kipande na kupelekwa mahali pengine, kwa sababu mtaa mpya ulitakiwa kupita ilipokuwa. Kisa chenyewe ndicho hicho. Msimamo wangu nautoa mapema: ukiuliza mafundi seremala, kazi ile ilikuwa halali kabisa. Ukiuliza mji, mambo yanakuwa mazito zaidi, na yalianza zaidi ya miaka ishirini kabla ya bomu.

Nyumba yenyewe

Old Wellington Inn ni baa, ila haikuzaliwa baa. Ilijengwa kando ya soko la Manchester, kwenye mtaa wa mabucha ulioitwa Shambles, neno la Kiingereza cha zamani lililotokana na meza za kuwekea nyama ya kuuza. Mwaka 1554 sehemu ya nyumba ilinunuliwa na ukoo wa Byrom, wafanyabiashara wa vitambaa. Duka likawa chini, familia ikakaa juu. Mmoja wa ukoo huo, John Byrom, aliyezaliwa 1692, alikuwa mshairi na mbunifu wa mfumo wa hati mkato, na inasimuliwa kwamba alizaliwa humo humo. (Manchester na vitambaa havikuachana tena. Karne zilipopita, viwanda vya jiji hilo vikawa miongoni mwa vilivyochapa kanga zilizovaliwa na bibi zetu wa pwani.)

Leseni ya kuuza pombe ilikuja 1830, kwa jina la Vintners Arms. Baadaye ikawa Kenyon Vaults, na katika miaka ya 1860 likabandikwa jina la sasa, la jemadari aliyemshinda Napoleon pale Waterloo. Hata hapo vyumba vya juu vilikuwa na shughuli zake: mafundi wa vifaa vya hesabu na vya macho, kisha mwishoni mwa karne ya 19 muuza ndoano na mishipi ya kuvulia samaki. Na orofa ya juu kabisa ni nyongeza ya karne ya 17.

Nayataja haya kwa sababu mtu akikuonyesha jengo hili atakwambia "baa ya 1552". Mwaka huo ni wa kiunzi tu. Baa ni ya 1830, orofa ya juu ni ya karne ya 17, jina ni la enzi ya Malkia Victoria, na kiwanja ilichosimama leo ni cha 1999. Kilichobaki kutoka 1552 ni miti na jinsi ilivyoungwa, na hata miti si yote, maana nyumba ya umri huo kila inapotengenezwa hutolewa kipande kilichooza kikatiwa kingine.

Kwa hiyo mzigo wote wa hoja unaangukia kwenye viungo. Tuviangalie.

Mwaloni mbichi

Seremala wa Kiingereza wa karne ya 16 alijenga kwa mwaloni mbichi. Hakungoja ukauke, kwa sababu mwaloni ukikauka hukataa patasi. Alijua kuwa utasinyaa na kujipinda ukiwa tayari umo nyumbani, akaunga viungo vyake kwa hesabu hiyo. Ndiyo maana nyumba hizi nyingi zimeinama, sakafu zimebonyea na madirisha yamekwenda upande. Mgeni hudhani zinakaribia kuanguka, kumbe zilijipindia katika miongo ya mwanzo na zimetulia hivyo hivyo miaka mia nne.

Chukua kiungo kimoja. Nguzo inachongwa tundu la mstatili, na mwisho wa boriti unachongwa ulimi wa kuingia humo. Nguzo inatobolewa kwa keekee kutoka ubavuni, tundu la duara likatize lile la mstatili. Ulimi unachomekwa, unatiwa alama pale tundu la duara linapouangukia, kisha unachomolewa ili nao utobolewe. Fundi mwanafunzi angetoboa penye alama. Fundi anayejua kazi anasogea milimita chache kuelekea kwenye bega la boriti, yaani pale ulimi unapoanzia, anatoboa hapo. Ulimi ukirudishwa ndani, matundu hayalingani tena sawasawa. Sasa unaletwa msumari wa mti, umechongwa kwa mwaloni mkavu na ncha yake imesongoka, unagongwa. Ili upite inabidi upinde kidogo, na kwa kupinda unauvuta ulimi mpaka bega la boriti linajibana kwenye uso wa nguzo hata unyoya haupenyi. Hakuna gundi. Chuma hakina kazi, na kingewekwa kingeliwa, kwa sababu mwaloni una asidi inayotafuna chuma.

Jambo la pili ni mahali kazi hii ilipofanyika. Haikufanyika kiwanjani. Kila upande wa nyumba ulilazwa chini kwenye yadi ya seremala, ukaungwa mzima ili kuhakikisha kila ulimi umepata tundu lake, kwa sababu miti ilichongwa kwa mkono na hakuna miwili iliyofanana. Kisha miti ikatiwa alama, ikafumuliwa, ikapakiwa kwenye mikokoteni, na siku ya kusimamisha nyumba ikaungwa upya. Alama zenyewe zilifanana na tarakimu za Kirumi, maana patasi hukata mstari ulionyooka kwa urahisi kuliko mviringo. Nne waliiandika kwa mistari minne, ili mti ukigeuzwa kichwa chini isije ikasomwa sita. Upande wa kushoto wa nyumba na wa kulia ulitofautishwa kwa kamkia kadogo kwenye mstari mmojawapo. Ukiingia kwenye nyumba ya aina hii popote Uingereza na ukajua pa kutazama, pale nguzo na boriti zinapokutana, utaziona.

Ina maana nyumba ya kiunzi cha mwaloni ilikwisha kufumuliwa mara moja kabla hajalala mtu ndani yake. Hilo tuliweke akilini, tutalirudia.

Kuta ni habari tunayoijua wenyewe. Aliyekulia kwenye nyumba ya kukandika hahitaji somo: fito, kisha udongo, kisha chokaa. Kwa Waingereza, boriti ya juu ya kila uwazi wa kiunzi ilitobolewa mfululizo wa matundu, na ya chini ikachongwa mfereji. Kijiti cha mwaloni kilichongwa ncha, kikaingizwa kwenye tundu la juu, halafu mguu wake ukatelezeshwa ndani ya mfereji wa chini mpaka kikasimama wima. Vijiti vikishajipanga, vinasukwa fito laini mithili ya mkeka, na juu yake unapigwa udongo uliokandwa na majani makavu na mavi ya ng'ombe. Mabibi zetu wangeikagua kazi hiyo na kuipitisha, pengine baada ya kulalamika kwamba udongo una majani mengi.

Lakini kuna tofauti moja, na kisa chote kinaning'inia hapo. Nyumba ya kukandika tuliyoizoea nguzo zake zimechimbiwa ardhini. Ukitaka kuihamisha unaikata miguu. Nyumba ya Kiingereza ya karne ya 16 haijachimbiwa chochote. Inakaa juu ya boriti nene iliyolazwa juu ya ukuta mfupi wa mawe, ili unyevu usipande kwenye mti, na uzito wake wenyewe ndio unaoishikilia. Iko juu ya ardhi kama vile kabati lilivyo juu ya sakafu.

Niseme na la rangi, kwa sababu wengi huingia mtegoni hapa. Weusi wa mbao na weupe wa kuta, ambao sasa ndio sura ya "Uingereza ya kale" kwenye kila kalenda, kwa sehemu kubwa ni mtindo wa karne ya 19. Mwaloni ukiachwa hivyo hivyo hugeuka kijivu kinachoelekea rangi ya fedha, na chokaa ya ukuta mara nyingi ilitiwa udongo wa njano au mwekundu. Kaskazini magharibi, Manchester ikiwemo, weusi huo ulishika sana. Sina ugomvi nao. Miaka mia na hamsini nayo ni historia.

Kung'olewa mara ya kwanza

Desemba 1940 ndege za Ujerumani ziliipiga Manchester, na mtaa wa soko la zamani ukateketea karibu wote. Old Wellington na jirani yake, Sinclair's, nyumba ya karne ya 18 inayosifika kwa chaza wake, zilinusurika. Kuhusu hilo jengo la jirani kuna kisa kitamu. Mwenye mahali hapo zamani hizo, John Shaw, alikuwa hataki mlevi abaki baada ya saa mbili usiku. Saa ikifika anapiga mjeledi hewani, na asiyesikia mjeledi alimwagiwa maji miguuni na mtumishi wake, Molly. Nimeona baa nyingi ambazo zingefaidika na Molly.

Vita vilipokwisha, nyumba hizo mbili zilibaki katikati ya uwazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jiji likaamua kujenga eneo lote upya: maduka, njia za magari ya mizigo, na uwanja wa zege juu yake. Uwanja huo ulikuwa juu kuliko mtaa wa zamani. Basi wahandisi wakachimba chini ya baa, wakaitilia bamba la zege, wakainyanyua kwa jeki pamoja na Sinclair's futi 4 na inchi 9, karibu mita moja na nusu.

Kiufundi ni kazi ya kuvulia kofia. Jengo la miti lenye viungo vilivyobanana hukubali kunyanyuliwa mradi jeki zote ziende pamoja. Moja ikitangulia, kiunzi kinasokotwa na misumari ya mti inaanza kukatika. Hazikutangulia. Glasi zikarudi mezani, watu wakaendelea kunywa.

Hata hivyo tazama kilichopotea. Soko halikuwepo. Mtaa wa Shambles haukuwepo, jina lake tu lilihamia kwenye uwanja mpya. Ukuta wa mawe uliopokea boriti ya chini haukuwa tena na kazi, na chini ya sakafu ya mnywaji sasa palikuwa na zege. Jengo lilikuwa limebaki pale pale kwenye ramani na limeondoka pale pale kwenye mji. Kwangu mimi, kung'olewa kwa kweli kulifanyika hapa, na wala hakukuzua kelele nyingi, kwa kuwa ukichora ramani huwezi kuona kwamba kitu kimepanda.

Kung'olewa mara ya pili

Baada ya bomu jiji lilitangaza shindano la mpango mpya, na EDAW, kampuni ya wapangaji miji, ikashinda. Wazo kuu la mpango lilikuwa zuri, na sioni haya kulisifu: kuvunja uwanja wa zege uliokuwa kama ngome, na kufungua mtaa wa waenda kwa miguu kutoka St Ann's Square hadi kwenye kanisa kuu, uitwao New Cathedral Street. Tatizo ni kwamba Old Wellington na Sinclair's zilikuwa njiani.

Njia zilikuwa tatu. Kupindisha mtaa. Kuziacha nyumba zilivyo, katikati, mtaa uzizunguke. Au kuzihamisha. Jiji lilichagua ya tatu. Nyumba zilifumuliwa na kujengwa upya upande wa kanisa kuu. Umbali unaotajwa kwa kawaida ni mita 300. Mwaka 1999 baa ikafunguliwa tena. Zamani nyumba hizo mbili zilisimama bega kwa bega. Sasa zimewekwa kwa pembe mraba, moja ikitazama huku na nyingine kule, ili katikati yao upatikane uwanja wa kuweka meza.

Kuna kipimo cha kupimia uamuzi kama huu. Hati ya Venisi ya mwaka 1964, ambayo ndiyo msahafu wa wahifadhi majengo duniani, inasema katika kifungu cha 7 kwamba jengo la kihistoria halitenganishwi na historia linayoishuhudia wala na mahali lilipo, na kwamba kulihamisha hakuruhusiwi isipokuwa usalama wake unalazimisha au kuna sababu nzito sana ya kitaifa au kimataifa. Je, usalama wa Old Wellington ulilazimisha? Hapana. Bomu lilikwisha kulipuka, na nyumba ilikuwa imesimama. Mtaa wa maduka ni sababu nzito ya kitaifa? Mtu wa halmashauri atasema kwamba jiji lililopigwa kiasi kile lilihitaji moyo mpya, na jibu hilo silidharau. Ila kifungu kinaposomwa kama kilivyoandikwa, kesi hii haipiti.

Na bado, ningekuwa kwenye kikao nisingepiga kura ya hapana. Nitaeleza kwa nini.

Ya kwanza ni ile hoja ya yadi ya seremala. Hati ya Venisi ilitungwa na watu waliokuwa wakiwaza zaidi mawe: mahekalu, makanisa, ngome. Ukivunja ukuta wa mawe na chokaa, chokaa haijengeki tena, unapata ukuta mwingine wenye mawe ya zamani. Kiunzi cha mwaloni ni kitu cha aina nyingine. Kuta zinatolewa udongo au chochote kilichoujazia baadaye, kila mti unapewa namba na kuchorwa, msumari unagongwa kutoka upande wa pili, ukikataa unatobolewa, ulimi unatoka kwenye tundu lake. Mti unabaki mti ule ule na tundu lile lile, unangoja msumari mpya. Hakuna mfumo wa ujenzi unaovumilia safari kuliko huu, kwa sababu ulibuniwa kwa safari: kutoka yadi hadi kiwanja.

Hasara hata hivyo ipo, na wanaoshabikia kuhama huipitia haraka mno. Kandiko halihamishiki. Chokaa iliyopakwa tabaka juu ya tabaka, masizi ya moto wa makaa, alama za rafu zilizong'olewa ukutani, udongo ulioshika kidole cha fundi wa kale: hivyo vyote huishia kwenye toroli. Ulinganishe na Exeter, kusini magharibi mwa Uingereza, ambako mwaka 1961 nyumba ya miti yenye uzito wa tani 21 ilifungwa kwa mbao pande zote, ikawekwa juu ya magurudumu na reli, ikavutwa nzima kupisha barabara. Waliihamisha na ngozi yake. Ile ya Manchester ilihama mifupa.

Ya pili, na ndiyo inayonishawishi zaidi, ni kwamba mwaka 1998 hapakuwa na mahali pa kutetea. Kutetea "mahali pake pa asili" wakati pa asili palikuwa mita moja na nusu chini ya zege ni kumtetea marehemu asipelekwe hospitali. Mwaka 1971 kulikuwa na kitu cha kupigania: usawa wa mtaa, msingi wa mawe, uhusiano wa mlango na njia. Hicho kilikwisha kuuzwa. Ndiyo maana nasema wanaoishutumu jiji kwa 1999 wamekamata mkia wa ng'ombe aliyekwisha kupita.

Ambalo lingefaa kufanywa vizuri zaidi ni upangaji wa nyumba mbili kwenye kiwanja kipya. Kuziweka kwa pembe mraba ni uamuzi wa mtu anayepanga viti sebuleni. Unapata uwanja wa kupendeza, meza nyingi, jua la alasiri pale linapotokea (ni Manchester, usitegemee sana). Lakini nyumba zilizokaa bega kwa bega zilikuwa zimeelezana jambo: kwamba mji ulikua kwa kubanana, jirani akimwegemea jirani, duka la vitambaa likipakana na nyumba ya pombe. Kuzipanga sambamba kusingegharimu mtaa mpya chochote. Kungepunguza meza.

Leo ukifika Shambles Square utaikuta baa mbele yako, nyeusi kwa nyeupe, na mnara wa kanisa kuu la zama za kati umechomoza jirani. Watu wanarudi nyuma hatua tatu, wanainua simu ili viwili hivyo viingie pamoja kwenye fremu, na picha inatoka kana kwamba vimekuwa jirani tangu enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Kabla ya 1999 picha hiyo haikuwa ikipigika.